Tulivyodhaniwa Wezi wa Watoto Njiani Kwenda Newala

Mmenipigia simu wengi, na kila mmoja ana habari yake. Mama Grace kaambiwa gari letu lilichomwa moto. Mwingine kaambiwa nimelala mahabusu. Hayo hayakutokea. Yaliyotokea nayo si madogo, na kwa kuwa nimechoka kuyasimulia vipande vipande kwenye simu huku mboga inaungua jikoni, nayaandika yote hapa mkayasome kwa nafasi. Habari za kukodi gari na vibali vya wazazi naziruka. Hakuna aliyetetemeka kwa sababu ya vibali.

Masasi hadi Lulindi

Kwa asiyetujua, mimi nafundisha muziki kwa vijana hapa Masasi, jioni, kwenye ukumbi wa kuazima. Kwaya yetu haisimami kwa mistari kama gwaride. Wimbo tunauimba, tunauigiza, na mwili mzima unausimulia pamoja na mdomo. Anayeimba sauti ya pili, wakati huohuo anaweza kuwa mlango, au mto, au mama muuza nyanya. Wamo Wakristo, wamo Waislamu, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Tulialikwa Newala kwenye tamasha la kwaya za vijana, na mchezo tuliokuwa tunaupeleka ulihusu mtoto anayechukuliwa na mtu asiyejulikana, na jinsi kijiji kizima kinavyomtafuta. Vijana wenyewe ndio waliouchagua. Mnajua uvumi uliokuwa umezagaa: kuna gari linapita, lina vioo vyeusi, linabeba watoto. Nani aliliona? Hakuna. Nani aliliogopa? Sote.

Mtoto anayechukuliwa aliigizwa na Fadhila. Ana miaka kumi na mitano, lakini ukimwona utadhani yuko darasa la nne. Sauti yake ya kuimba ni nyembamba, ya kubembeleza. Sauti yake ya kupiga ukelele ni kitu kingine kabisa. Mara ya kwanza alipoitoa mazoezini, mlinzi aliingia ukumbini na rungu. Mchukuaji aliigizwa na Yohana, mpiga ngoma wetu, kijana mrefu mwenye mabega mapana, na mpole kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kumvika Fadhila gunia la korosho na kumbeba begani.

Tuliondoka asubuhi. Mama Fadhila alikuja mpaka dirishani mwa gari, akanishika mkono, akasema neno moja tu:

"Mwalimu, huyo ndiye niliye naye."

Niliitikia kwa kichwa. Dereva wetu, Baba Rashidi, mtu mzima anayeongea kidogo na kuendesha Kosta yake kama amebeba mayai, akawasha gari.

Lulindi tulipokelewa na kwaya ya kanisa. Akina mama walikuwa wamepika ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa korosho zilizotwangwa, na beseni la ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Baada ya kula wakatuomba tuimbe. Hapo ndipo kikatokea kichekesho pekee cha safari hii. Kuna mahali kwenye wimbo wetu wa kwanza kijana mmoja anaanguka chini, ndiye mti uliokatwa. Mama mmoja mwenyeji akaruka kutoka kwenye benchi, "Jamani, mtoto ana kifafa!", akammwagia maji ya kikombe usoni. Kijana, kwa nidhamu niliyomfundisha, hakujitikisa. Yule mama akaanza kulia. Ilibidi nisimamishe wimbo nimweleze.

Alipotulia aliniuliza, "Sasa watu wa huko mnakokwenda watajuaje kwamba ni uongo?"

"Watatuona tuko jukwaani, mama."

"Aa," akasema, kama mtu aliyepewa nusu ya jibu.

Kupanda mlima

Barabara ya kupanda uwanda wa Wamakonde mnaijua. Ukiacha mabonde ya chini, unaanza kuzunguka ukingo, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine hewa. Tulipofika nusu ya mlima tukakuta foleni. Lori la korosho lilikuwa limelala kwa ubavu kwenye kona, magunia yametapakaa barabarani, na watu wamesimama wanatazama. Dereva wa lori alikuwa mzima, amekaa kwenye jiwe, ameshika kichwa.

Tulikaa pale mpaka jua likapita utosini. Vijana walianza kuuliza kama tutafika. Baba Rashidi alikwenda kuzungumza na wenzake, akarudi akasema kuna njia ya shamba inayotokea upande wa Makote, yeye aliwahi kuipita.

"Ni njia nzuri?" nikamuuliza.

"Ni njia," akanijibu.

Njia ile ilikuwa na mchanga mahali pa kupanda na mawe mahali pa kushuka. Kwenye kona moja gari lilirudi nyuma kidogo kabla breki hazijashika, na nyuma yangu nikasikia vijana wote wamevuta pumzi kwa pamoja, safi, kama nimewapa ishara. Hakuna aliyecheka. Tangu hapo hawakuimba tena garini. Mimi nilikuwa nimekaa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, nikiwahesabu kichwani mwangu na kumwona mama wa kila mmoja.

Tulifika juu, kwenye tambarare, na hapohapo injini ikaanza kutoa mvuke. Baba Rashidi alizima gari kati ya mikorosho, akafungua boneti, akasonya.

"Rejeta imekauka. Pale nyuma ya miti naona moshi wa jiko. Nakwenda kuomba maji." Alichukua dumu, akasimama kidogo. "Huku juu maji yanatoka mbali, Mwalimu. Yanaombwa kwa adabu. Nikikawia msihangaike."

Akaondoka, akaingia mikoroshoni, tukamkosa machoni.

Chini ya mikorosho

Jina la kitongoji kile silitaji, na mtaelewa kwa nini.

Chini ya miti palikuwa pamefagiliwa vizuri kwa ajili ya kuokota korosho, na harufu ya mabibo yaliyoiva ilikuwa kali mpaka kooni. Hakukuwa na mtu hata mmoja shambani. Msimu wa korosho, mchana, na shamba tupu. Niliona ni ajabu, lakini sikulifikiria zaidi. Nilichofikiria ni nyuso za vijana wangu, zilizokuwa zimefifia. Nikaona njia ya kuwatoa hofu ni kuwapa kazi.

"Shukeni," nikasema. "Tuupitishe mchezo mara moja tu."

Wakajipanga. Wimbo ukaanza chinichini, hatua zikaingia, mwili ukaanza kupata moto. Ikafika zamu ya Yohana. Akatoka nyuma ya mkorosho na gunia lake, akamnyatia Fadhila, akamvika. Fadhila akapiga ukelele.

"Mamaaa! Mama, nachukuliwa!"

Ndani ya ukumbi sauti ile inagonga kuta na kurudi. Pale hakukuwa na kuta. Ilikwenda. Na kabla haijaisha, ikajibiwa na yowe la mwanamke, mbali, nyuma ya miti. Halafu yowe la pili upande mwingine. Halafu filimbi. Halafu nikasikia miguu ya watu wanaokimbia, wengi, na majani makavu yakivunjika kila upande wetu.

Walitoka mikoroshoni na mapanga, na mipini ya majembe, na mwanamke mmoja ana mchi. Wa kwanza kutufikia alimwona Yohana ameshika gunia lenye miguu ya mtoto inayoning'inia.

"Huyu hapa! Ana gunia! Wanaye!"

Yohana alimshusha Fadhila polepole, kwa uangalifu, kama tulivyozoea. Nadhani uangalifu ule ndio uliomwokoa, maana aliyeinua panga alisita asimkate mtoto. Wakamsukuma Yohana akapiga magoti. Wakamvua Fadhila gunia. Vijana wangu wengine wakarudi nyuma mpaka migongo yao ikagota kwenye gari.

Nilipaza sauti. "Ndugu zangu, ni mchezo! Tunacheza tu, ni mchezo!"

Lilikuwa neno baya kuliko yote ningeweza kuchagua. Mtu mmoja mwenye shati la bluu, macho mekundu kama hajalala, alinigeukia.

"Mchezo? Unacheza na watoto wa watu? Mchezo gani wa kumtia mtoto kwenye gunia?"

"Ni maigizo, baba. Sisi ni kwaya."

"Kwaya inaimba kanisani. Nyinyi mko shambani kwangu na gunia!"

Kisha wakamleta Baba Rashidi. Watu wawili walikuwa wamemshika mikono, na nyusi yake ilikuwa imepasuka, damu imeteremka mpaka kwenye kola. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa ndiyo kwanza ameketi kwenye uwanja wa watu, ametoa salamu, ameomba maji, wanamtazama bila kujibu, ndipo ukelele ulipofika. Yule mwenye shati la bluu alimpiga kwa mpini wa jembe kabla hajasimama.

Walizungumza Kimakonde kwa haraka. Mimi ni Myao, nilishika neno hapa na neno pale. Nilishika neno gari. Nilishika neno mtoto. Nilishika neno moto.

Jamani, mimi ni mtu wa kuongea. Mnanijua. Lakini pale niliushika tu mlango wa gari kwa mikono miwili, na kitu pekee nilichokiwaza ni kwamba vijana wananitazama.

Mwanamke mmoja wa makamo, kilemba cha njano, alipenya mpaka mbele. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, Mama Saidi. Akachuchumaa mbele ya Fadhila.

"Usiogope, mwanangu. Sema. Hawa watu unawajua? Mama yako yuko wapi?"

Fadhila akafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Sauti ile iliyowaita watu wote wale ilikuwa imekwenda.

"Mmeona?" akasema yule mwenye shati la bluu. "Wamemtisha."

"Fadhila," nikamwita, "mwambie mama jina langu."

"Wewe nyamaza!"

Fadhila alinitazama. Akamtazama Yohana, aliyekuwa bado amepiga magoti, panga limeegemea bega lake, machozi yanamtoka bila kelele. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Alikwenda kwa mtu aliyeshika gunia, akalichukua mkononi mwake, taratibu, naye kwa mshangao akaliachia. Akarudi pale alipokuwa amesimama kwenye mchezo. Akajivika gunia mwenyewe. Akasimama ndani yake, na mguu wake ukaanza kupiga ardhi. Ule mdundo wa kuanzia.

Watu wakanyamaza. Hawakuelewa, lakini walinyamaza.

Mguu ukapiga tena. Kutoka kule kwenye gari, msichana mmoja wa sauti ya tatu akajibu kwa mguu wake. Halafu mwingine. Wakaanza kuimba, vibaya, sauti zimepasuka, nusu yao wanalia. Lakini miili ilikumbuka. Walibanduka kwenye ubavu wa gari wakawa kijiji. Mmoja akawa mama anayeita mlangoni. Wengine wakawa watafutaji, wameinama, mikono inafungua majani yasiyokuwepo. Wakapita katikati ya watu wenye mapanga wakitafuta, wakichungulia chini ya mikorosho, wakiita bila sauti.

Nikasikia mwanamke analia kwa kwikwi. Alikuwa amesimama nyuma, kanga imemteleza kichwani, na wenzake walikuwa wamemshika pande mbili. Aliteremka chini kama mtu aliyekatwa miguu.

Mama Saidi akanyoosha mkono. "Basi. Basi, wanangu, inatosha. Tumeona." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umechoka vibaya sana. "Mwalimu, mchezo wenu ni sisi. Sisi hapa tuna mtoto amepotea kweli. Zawadi. Ana miaka sita. Tangu jana mchana hatujamwona. Yule chini pale ni mama yake." Akamwonyesha mwenye shati la bluu kwa kidevu. "Na yule ni baba yake."

Kutafuta

Panga liliondoka kwenye bega la Yohana. Hakuna aliyeomba radhi wakati ule, na sikutegemea. Baba Zawadi alikuwa ameshatugeuzia mgongo, anaingia tena shambani akipiga kelele za jina la mwanawe. Wengine wakamfuata na filimbi na madebe. Mbwa wakabweka. Ghafla nikaelewa kwa nini shamba lilikuwa tupu, na pia nikaelewa jambo jingine, kwa masikio.

Nikamkimbilia Mama Saidi. "Mama, mmemtafuta hivi tangu jana?"

"Tangu jana. Kila mtu anaita."

"Kila mtu anaita wakati wote. Akiitika, nani atamsikia?"

Alinitazama. Akawaita wanaume. Baba Zawadi alirudi, na niliogopa tena, maana alinisogelea karibu mno.

"Unataka tunyamaze? Mwanangu yuko huko, halafu tunyamaze?"

"Tumwite wote kwa pamoja," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo. "Halafu tunyamaze wote kwa pamoja. Hata mguu usisogee. Vijana wangu wanajua kunyamaza, baba. Ndiyo kazi ninayowafundisha zaidi ya kuimba."

Mama Saidi akajibu kwa niaba yake: "Tujaribu."

Tukajipanga mstari mrefu kupita mikorosho, mwanakijiji, kijana wangu, mwanakijiji, kijana wangu. Mkono wangu ukiinuka, ishara inapita kwa mikono ya vijana mpaka mwisho wa mstari. Mbwa wakafungwa. Baba Rashidi naye alijipanga, kitambaa cha mtu kimefungwa kichwani mwake.

Tukaita. "Zawadiii!" Sauti zote, kubwa na ndogo. Nikafunga ngumi. Kimya.

Nimefundisha kimya miaka mingi. Sikuwahi kukiogopa kama kile. Ulisikia bibo likidondoka. Ulisikia mtu akimeza mate. Na katika kimya kile hakukuwa na mtoto.

Tukasogea, tukaita, tukanyamaza. Tukasogea tena. Jua lilikuwa linaelekea upande wa Masasi. Kila ngumi ilipofungwa nilimwona mama yake amefumba macho, na nikawaza kwamba huenda mtoto yupo lakini hawezi tena kuitika, na nikawaza pia yale ambayo sitayaandika.

Tulifika kwenye mahame, nyumba iliyoachwa, kuta zimebaki nusu na magugu yamejaa uwanjani. Tukaita. Nikafunga ngumi. Kule mwisho wa mstari mkono ukainuka. Alikuwa Fadhila. Hakuweza kusema bado. Alielekeza chini kwa kidole, halafu akaanza kugonga kifua chake kwa vidole viwili: ta-ta. Ta-ta.

Tukatega masikio. Mwanzoni sikusikia. Kisha ikaja, ndogo, ya bati: ta-ta.

Uwanjani palikuwa na shimo la kuvunia maji ya mvua, lile la saruji wanalolijenga watu wa kule, na mfuniko wake ulikuwa umeoza na kufunikwa na magugu. Zawadi alikuwa ndani, kwenye tope lililokauka, mguu wake umepinda vibaya. Alikuwa amelia mpaka sauti ikamwisha, akabaki na jiwe na kopo la zamani. Mchana kutwa alikuwa akigonga, na mchana kutwa watu walikuwa wakimzidi kelele.

Baba yake alishuka kwa kamba. Alipopanda naye kifuani, watu walianza kushangilia, na ni yeye aliyeinua mkono akasema, "Nyamazeni, mnamtisha."

Sasa gari likahitajika, na gari halina maji. Sijui nani alitoa wazo. Niliona tu akina mama wanatoka kwenye nyumba zao na ndoo, maji ya kupikia usiku ule, maji waliyoyapandisha kutoka bondeni kichwani, wanayamimina kwenye rejeta mmoja baada ya mwingine. Baba Rashidi alishika faneli.

Mama Zawadi alipanda na mtoto, na Mama Saidi pamoja naye. Baba Zawadi alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi, Baba Rashidi akamzuia kwa mkono.

"Wewe utabaki," akasema.

Yule baba aliushusha mguu. Hakubisha. Tuliondoka amesimama uwanjani, shati la bluu limejaa tope la shimo.

Newala

Hospitali walimpokea mtoto haraka. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti. Baba Rashidi alishonwa nyusi. Polisi mmoja alimuuliza kama anataka kufungua kesi, akasema atafikiri. Karatasi zake nazo naziruka.

Tulipofika tulipolala, upepo wa Newala ulikuwa unavuma baridi kutoka ukingoni, na wenyeji walituwekea wali na kuku. Vijana hawakula. Walikaa wamejibanza pamoja kwenye mkeka mmoja ingawa mikeka ilikuwa mingi. Simu zikaanza: "Mwalimu, tumesikia mmekamatwa kwa kuiba watoto?" Habari ilikuwa imeshuka mlima haraka kuliko sisi tulivyoupanda. Mama Fadhila hakupiga kelele. Aliomba tu kuongea na mwanawe, na ilibidi nimwambie kwamba mwanawe ni mzima lakini hana sauti.

Asubuhi nikawaambia vijana tunaweza kurudi nyumbani, hakuna atakayetulaumu. Yohana alikuwa hataki hata kuliona gunia. "Mimi yule mtu siwezi kuwa tena, Mwalimu," akasema. "Waliponiangalia, niliona wanamwona kweli."

Wakabishana. Fadhila alikuwa ameanza kunong'ona. Tukamsogelea kumsikia.

"Tufanye," akanong'ona. "Lakini mimi sipigi ukelele. Na gunia lisiwepo."

"Sasa watajuaje kama umechukuliwa?" mmoja akauliza.

"Nitakuwa sipo."

Ndivyo tulivyofanya. Ukumbini, wimbo ulipofika pale pa ukelele, vijana walisimama wote, na mahali pa Fadhila pakawa patupu. Hakuna sauti, hakuna mguu. Nilikuwa mbele yao na ngumi yangu imefungwa. Nyuma yangu ukumbi ulijaa watu nisiowajua, na nilikuwa naogopa kugeuka. Nilingoja yowe. Nilingoja miguu inayokimbia. Nilikifungua kiganja mapema kuliko tulivyopanga, kwa sababu sikuweza tena. Wengine wanasema ilikuwa nzuri sana. Mimi siwezi kuwaambia. Sikusikia makofi, nilikuwa nahesabu vijana.

Kushuka

Kurudi tulipita barabara kuu, lori limeshaondolewa. Fadhila alikuwa amelala begani kwa Yohana. Tulikuwa hatujaanza kuteremka, pale njia ya shamba inapoungana na barabara, Baba Rashidi akapunguza mwendo.

Watu walikuwa wamesimama barabarani, kundi zima. Wawili watatu walikuwa na mapanga mkononi.

Nyuma yangu madirisha yakafungwa, moja baada ya jingine. Baba Rashidi aliweka gia ya kurudi nyuma, mkono ukabaki juu yake. Mama Saidi akatoka kwenye kundi, kilemba kilekile, akaja mpaka dirishani.

"Shikamoo, Baba Rashidi."

Mama Saidi ndiye mkubwa, na bado ndiye aliyemwamkia.

"Marahaba," akajibu, kwa tabu.

"Mtoto amehamishiwa hospitali kubwa huko chini. Mama yake yuko naye. Baba yake anataka kumfuata, na magari yamepita yamejaa. Tumemsindikiza. Tangu asubuhi anasema mtapita, na aliogopa kuwangoja peke yake."

Baba Zawadi alikuwa nyuma ya wengine. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mkononi alikuwa na chupa ya chai na kifurushi cha nguo ndogo. Alikuwa anatazama matairi.

Bandeji kwenye nyusi ya Baba Rashidi ilikuwa imeanza kuchakaa pembeni. Vijana wote walikuwa wanatazama kisogo chake, nami niliogopa jibu lake, lolote lile, kwa maana lingekuwa somo ambalo sikulipanga mimi. Ngoma zilikuwa zimejaza siti ya nyuma. Nafasi haikuwepo. Basi niliinuka kwenye kiti cha mbele, nikaenda kubanana na Fadhila na Yohana, kikabaki kitupu pembeni ya dereva.

Baba Rashidi alikitazama kile kiti, akaitoa gia ya kurudi nyuma.

"Mwambie apande," akasema.

Alipanda. Akaketi ameshika chupa yake ya chai kwa mikono miwili. Watu wakasogea pembeni, gari likaanza kuteremka. Kwenye kona ya pili, Baba Zawadi akasafisha koo.

"Kaka. Ule mkono wangu, siku ile..."

"Mtoto anakula?" Baba Rashidi akamkatisha.

"Jana alikunywa uji. Mama yake amenipigia."

"Uji ni mzuri." Akabadilisha gia, macho yake barabarani. "Sasa funga mkanda. Huo wa kwako unakwama, usiuvute kwa nguvu. Uvute taratibu."